Sabatiko ya miezi 9 yenye mshahara: niipangeje ili kitabu, nyumba na shamba la mama visigongane?

MwalimuDom

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wanaoyajua mambo haya kwa undani.

Chuo kimeniridhia sabatiko (likizo ya mhadhiri ya kuandika na kutafiti) ya miezi 9 kwa mshahara kamili. Tarehe ya kuanza naruhusiwa kuchagua: 1 Februari au 1 Mei. Yaliyo mezani ni matatu. Kwanza, kitabu cha fonolojia (mfumo wa sauti) ya Kiswahili kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambacho ndicho kilichotajwa kwenye maombi. Pili, nyumba ya vyumba vitatu hapa Dodoma. Msingi umekamilika, kibali cha ujenzi kipo, na fedha za kuta hadi paa zipo. Tatu, mama yuko Njombe na ana ekari moja tunayotaka kuipanda parachichi. Mke wangu ni mwajiriwa na watoto wako shule ya msingi hapa Dodoma, kwa hiyo kuhama kwa miezi yote haiwezekani.

Nianze Februari au Mei? Na je, haya matatu yanaingia kwenye miezi 9, au kuna la kuacha?

---

Dada_Utumishi

Hongera Mwalimu. Kabla ya kalenda, malizana na makaratasi, maana sabatiko nyingi huharibikia hapo na si kwenye kazi yenyewe.

"Mshahara kamili" kwenye barua karibu kila mara maana yake ni mshahara wa msingi. Posho za madaraka, kufundisha jioni, kusimamia mitihani, nauli na vikao vinakatika tangu siku ya kwanza. Chukua slipu zako za miezi 12 iliyopita, toa kila mstari ambao si mshahara wa msingi, kisha ondoa makato. Makato yenyewe hayapumziki: kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya afya, mkopo wa benki, na kama bado unalipa Bodi ya Mikopo, ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaendelea. Mtu aliyekopa hadi akabakiwa na theluthi moja ya mshahara, na posho ndizo zilikuwa zinamlisha, ataumia mwezi wa pili. Bajeti ya nyumbani ipigwe kwa hicho kinachobaki, siyo kwa kile ulichozoea kupokea.

Barua ya idhini iseme waziwazi mambo manne: tarehe ya kuanza na ya kuripoti kazini, malipo gani yanaendelea, kama likizo ya mwaka ya siku 28 inamezwa ndani ya sabatiko au unabaki nayo, na muda unaotakiwa kutumikia chuo baada ya kurudi. Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu anapata kazi kwingine anaambiwa arudishe mishahara ya miezi yote. Kama kuna lisilotajwa, andika barua kuuliza, upate jibu la maandishi. Neno la mdomo la mkuu wa idara halina nguvu akibadilishwa.

Makabidhiano nayo yasifanywe siku ya mwisho. Wanafunzi wa uzamili wapewe msimamizi mwenza kwa jina, kwa barua, na wao wenyewe wajulishwe. Alama za muhula uliopita ziwe zimeingia kwenye mfumo. Mitihani ya marudio itungwe mapema pamoja na mwongozo wa kusahihishia, ikabidhiwe kwa mkuu wa idara kwenye bahasha iliyofungwa. Usipofanya hivyo, Septemba utaitwa, na huwezi kukataa kwa sababu mtihani ni wa kozi yako.

Ukitaka kutoka nje ya nchi hata kwa wiki moja, kibali cha kusafiri cha mtumishi wa umma bado kinahitajika. Sabatiko haikukifuta.

---

Bwana_Ratiba

Anza Februari. Sababu ni mvua.

Dodoma msimu ni mmoja: mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, huisha Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kiangazi kitupu. Ukianza 1 Februari unamaliza 31 Oktoba: unapata miezi mitatu ya mvua ya kukaa ndani na kuandika, halafu miezi sita mikavu ya kujenga. Ukianza 1 Mei unamaliza 31 Januari. Hapo ujenzi na uandishi vyote vinataka kiangazi kilekile, na miezi miwili ya mwisho inaangukia mvua na sikukuu. Uandishi ndio utakaoshindwa, kwa sababu fundi anapiga simu na sura ya tatu haipigi simu.

Sasa kuhusu kuacha. Usiache kitu, ila usivipe uzito sawa. Chuo kinakulipa kwa ajili ya kitabu, na ripoti utakayoandika ukirudi itauliza kitabu. Hicho ndicho kazi. Nyumba ipewe siku maalumu, siyo kila siku. Shamba lipewe safari tatu fupi.

Mpangilio ninaoupendekeza:

Februari 1 hadi 14, usifanye lolote kati ya hayo matatu. Lala, tembea, fanya vipimo vya afya ulivyokuwa unaahirisha, safisha meza. Anayerukia kitabu siku ya kwanza akiwa amechoka na muhula huandika kurasa ambazo Machi anazifuta. Tahadhari: wiki mbili ziwe wiki mbili. Zikifika nne, mwezi umekwenda.

Katikati ya Februari hadi katikati ya Mei, wiki 13, rasimu ya kwanza ya kitabu. Katika muda huo usinunue hata mfuko wa saruji. Saruji inayokaa ghalani wakati wa mvua hushika unyevu, huganda mabonge na hupoteza nguvu.

Katikati ya Mei hadi mwisho wa Agosti: asubuhi marekebisho ya rasimu, mchana nyumba. Likizo ya shule ya Juni nendeni Njombe na watoto. Ni msimu wa mavuno ya mahindi, mama anahitaji mikono. Bebeni makoti, baridi ya Njombe mwezi Juni na Julai haina mzaha.

Septemba na Oktoba: mswada kwa wasomaji na mchapishaji, umaliziaji wa nyumba, mashimo ya parachichi. Wiki mbili za mwisho za Oktoba ziachwe tupu. Kila kitu kilichochelewa kitazijaza chenyewe.

Jambo moja la nyumbani, naliweka hapa kwa sababu linavunja ratiba nyingi kuliko mvua. Mtu akionekana yuko nyumbani mchana, ukoo mzima unamhesabu kuwa ana nafasi. Utaombwa kupeleka mgonjwa, kusimamia kamati ya harusi, kuchukua watoto wa jirani shule. Tafuta meza nje ya nyumba, hata kama ni maktaba, na uondoke saa mbili asubuhi kama unavyoondoka siku za kazi. Na mkubaliane mapema na shemeji nani anabaki na kazi zipi za ndani, maana yeye bado anaamka kwenda ofisini.

---

FundiSanifu_Kizota

Mwalimu, nakuongezea upande wa nyumba. Mimi naipinga kidogo ile ratiba: matofali yaanze kufyatuliwa mwisho wa Aprili, siyo katikati ya Mei. Saruji inunuliwe ya kutumika wiki hiyohiyo, hapo haitaganda. Tofali linataka kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, kisha likae hadi litimize wiki tatu hadi nne ndipo lijengewe. Ukifyatua mwisho wa Aprili, unajenga ukuta mwisho wa Mei bila kusubiri.

Hesabu ipigwe hivi. Tuseme kuta zako za nje na za ndani zikijumlishwa ni mita 70, kimo mita 2.8. Hiyo ni mita za mraba 196. Toa milango na madirisha, tuseme 25, inabaki 171. Matofali ya inchi 6 yanaingia takriban 9 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo 1,540. Ongeza asilimia 5 ya yanayovunjika, unapata kama 1,620. Mfuko wa kilo 50 utoe matofali 30 yasizidi. Hapo ni mifuko 54. Anayekuambia anatoa 45 kwa mfuko anakuuzia mchanga ulioshikana. Pima kwa mkanda kuta za ramani yako, ubadilishe hizo 70 zangu.

Linta ya juu, yaani mkanda wa zege unaozunguka kuta zote: upana sentimita 15, kina 20, urefu mita 70, ni kama mita za ujazo 2.1. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko kama 6 na nusu, kwa hiyo weka 14. Nondo nne za milimita 12 zikizunguka nyumba nzima ni mita 280. Nondo moja ni mita 12, na kila kiungo zipandane sentimita 60, kwa hiyo nunua 26. Ringi za milimita 8, zile pete za kufungia nondo, ziwe kila sentimita 20. Maji yawe kama lita 25 kwa mfuko, na hapa ndipo zege huharibika. Vibarua huongeza maji ili limiminike kwa urahisi, likikauka linabaki na vitundu na nguvu imeshuka. Shika ndoo ya maji mwenyewe siku hiyo.

Zege liloweshwe siku 7, mbao za chini ya linta kwenye nafasi pana zisitolewe kabla ya siku 14. Nguvu yake kamili tunaihesabu siku ya 28.

Kwenye bati angalia geji: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na kwa upepo wa Dodoma chukua 28. Mbao za kenchi (fremu zinazobeba paa) ziwe zimetiwa dawa, ukikata ncha paka dawa tena pale ulipokata, vinginevyo mchwa wanaingia kwa mlango uliowafungulia.

Fedha zikipungua njiani, jua pa kusimama. Kusimama baada ya linta ya juu ni salama. Kusimama baada ya kenchi bila bati ni hasara, jua linazipinda mbao na ukirudi bati halikai sawa. Kwa hiyo usipandishe kenchi kama bati zote hazipo tayari.

Malipo kwa hatua: kuta hadi linta, linta ya juu, paa, lipu. Kila hatua fundi apewe theluthi kwa kuanzia, theluthi katikati, iliyobaki akikabidhi. Asilimia 10 ya jumla ishikwe hadi mvua ya kwanza ipite juu ya paa. Iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, siyo aambiwe mwishoni.

---

MwalimuDom

Nashukuru sana Fundi, na wote. Nimeamua Februari. Swali: ni siku zipi hasa lazima niwepo saiti, na zipi naweza kukaa maktaba? Na kwenye kitabu, wahariri mpo? Maneno mangapi kwa siku ni ya kweli?

---

FundiSanifu_Kizota

Siku tano zisizo na mbadala:

1. Mstari wa kwanza wa matofali juu ya msingi. Pima mshazari kwa mshazari kila chumba, namba mbili zilingane. Zisipolingana chumba kimepinda, na utakuja kuliona kwenye vigae.
2. Jioni kabla ya kumwaga zege la linta, kukagua nondo na ringi, na siku yenyewe ya kumwaga.
3. Siku kenchi zinasimamishwa, kuona zimefungwa kwenye linta kwa waya au bamba zilizoachwa ndani ya zege. Zikipigiliwa misumari tu, paa linaondoka na upepo.
4. Siku ya mabomba ya umeme kabla ya lipu. Pita na ramani, hesabu soketi. Waya za taa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, jiko la umeme angalau 4. Piga picha ya kila ukuta ukiwa wazi, utazihitaji siku ya kupigilia msumari wa kabati.
5. Siku ya kujaribu mabomba ya maji. Yajazwe kwa presha, yakae saa 24, ndipo yafunikwe.

Siku nyingine kutembelea jioni kunatosha. Lipu ya 1:4 yenye unene wa milimita 15 inakula mfuko mmoja kwa mita za mraba 9 hadi 10. Iache ikauke wiki nne kabla ya rangi, ukiharakisha rangi itatoka magamba. Maombi ya umeme yapeleke TANESCO kupitia NIKONEKT, mfumo wao wa mtandaoni, mara tu waya zikishakaguliwa, usingoje rangi.

---

Mhariri_Kurasa16

Mwalimu, nipo. Maneno 700 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12, ni 42,000. Wiki ya 13 iwe ya kusoma tu. Ukijiwekea 2,000 kwa siku utaweza siku nne, kisha utakata tamaa. 700 yanatoka kwa saa tatu za asubuhi, saa mbili hadi saa tano, na mchana unabaki kwa mifano, majedwali na kuhakiki data.

Usianze na sura ya kwanza. Anza na sura unayoifundisha ukiwa umefumba macho, pengine fonimu na alofoni au muundo wa silabi. Utangulizi andika mwisho, maana kabla ya kitabu kuwepo hujui unatambulisha nini. Kila sura ikae kwenye faili lake, nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi isiyokaa begi moja na kompyuta, moja kwenye barua pepe yako.

Kitabu chako kina tatizo ambalo vingine havina: alama za kifonetiki. /ŋ/ ya ng', /ɲ/ ya ny, /ð/, /θ/, /ɣ/. Ukitumia fonti ya kawaida isiyo na alama zote, mpiga chapa akifungua faili kwake utaona vijisanduku vitupu, au mbaya zaidi alama inabadilika kuwa herufi nyingine na hakuna anayegundua hadi nakala ziko sokoni. Tumia fonti ya Unikodi tangu sentensi ya kwanza, Charis SIL au Doulos SIL, zote zinapatikana bure. Usichanganye fonti mbili ndani ya neno moja. Ukitoa PDF hakikisha fonti zimepachikwa ndani yake. Halafu tengeneza ukurasa mmoja wenye kila alama unayotumia kitabuni, na jina lake pembeni, umpelekee mpangaji kurasa kabla ya kumpelekea mswada. Ukurasa huo ukitoka sawa kwenye mashine yake, mswada utatoka sawa.

Upande wa kurasa: ukurasa wa A5 wenye herufi za ukubwa wa 11 unabeba maneno ya Kiswahili kama 270 hadi 300, maneno yetu ni marefu. 42,000 ni kurasa 150 hivi. Ongeza majedwali, michoro, mazoezi, faharasa na marejeleo, unakaribia 176. Hiyo 176 siyo ya bahati nasibu, ni karatasi 11 za kurasa 16. Kiwanda kikichapa kwa karatasi za kurasa 16 na kitabu kikaishia 179, unalipia kurasa 13 tupu. Kata au ongeza zoezi mpaka igawanyike.

Mapitio ya wataalamu ni miezi miwili kwa kasi nzuri, kwa hiyo rasimu ya pili itoke mikononi mwako mwisho wa Julai, siyo Septemba. Tafuta wasomaji watatu na uwaombe sasa hivi: mwanafonolojia mmoja, mwalimu mmoja wa chuo kingine atakayeifundisha, na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwanafunzi ndiye atakayekuambia wapi maelezo yanaruka hatua.

ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mchapishaji akiwepo, ni kazi yake. Ukichapa mwenyewe, iombe kabla ya jalada kutengenezwa, kwa sababu msimbopau unakaa jalada la nyuma. Mfano wowote wa data uliotoka kwenye kazi ya mtu mwingine, rekodi chanzo na ukurasa siku unapouandika. Kuutafuta tena Agosti kunakula wiki nzima.

---

Parachichi_Njombe

Kwa shamba la mama: mwezi wako wa kupanda ni Desemba mvua zikishika, na hapo umesharudi kazini. Lakini mashimo ndiyo kazi kubwa, nayo ni ya Septemba au Oktoba, kwa hiyo unaiwahi.

Nafasi mita 7 kwa 7, ekari moja inaingia miche 82 hivi. Shimo sentimita 60 kila upande na kina 60. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na ndoo mbili za samadi iliyooza kabisa, uurudishe kwanza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Weka kigingi kwenye kila shimo lililofukiwa ili Desemba wajue kitovu kiko wapi.

Safari yako ya Juni itumie kuangalia maji, siyo kulima. Uliza mama ni sehemu gani ya shamba maji hutuama mwezi Machi. Hapo usipande hata mche mmoja: parachichi likikaa na maji siku chache mizizi inaoza, na mti hunyauka huku udongo ukiwa umelowa. Kama shamba zima ni tambarare, panda juu ya tuta la sentimita 30 hadi 50.

Miche agiza mapema, Juni hiyohiyo, iliyobebeshwa (kikonyo cha aina unayoitaka kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine) ya aina ya Hass, kutoka kitalu kinachokuandikia risiti yenye jina la aina. Siku ya kuipokea angalia kiungo cha kubebeshea kiwe kimepona na kiko juu ya udongo wa kiriba. Wakati wa kupanda kiungo hicho kibaki juu ya ardhi. Kikifukiwa, mti wa juu unatoa mizizi yake na faida ya kubebesha imepotea. Mwonyeshe hilo kijana atakayempandia mama, kwa mche mmoja, mkiwa wote wawili shambani Oktoba.